Urejeleaji wa Matini za Mtandaoni katika Tasnifu za Kiswahili

Ni ada ya mtafiti kuonyesha kisima alikoteka maji. Hata hivyo, baadhi ya wanafunzi wa Kiswahili hudhani kuwa kuiandika anwani ya tovuti katika marejeleo kunatosha. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa mfano wa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir.

Utungo huu ulihifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu. William Hichens alichapisha toleo lake mwaka 1939, naye James de Vere Allen akatoa lake mwaka 1977. Kila mhariri aliisoma miswada kwa jicho lake. Ndiyo maana tofauti za usomaji huzuka. Mwanafunzi anayenakili ubeti kutoka tovuti isiyotaja mhariri, kisha akajenga hoja ya kimtindo juu ya neno moja, amejenga juu ya mchanga. Huenda neno hilo ni la mhariri, au ni kosa la mpiga chapa, wala si la mtunzi. Mtahini naye hana pa kulithibitishia.

Afanyeje basi? Kwanza, alinganishe ubeti huo na toleo lililochapishwa, kisha alirejelee toleo lenyewe. Pili, iwapo matini ipo mtandaoni pekee, ataje mwandishi au asasi, tarehe, kichwa, jina la tovuti na anwani kamili. Pasipo mwandishi, kichwa hutangulia. Pasipo tarehe, aeleze hivyo bila kubuni.

Tatu, azingatie kuwa kurasa hubadilika. Makala ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, yaweza kuhaririwa leo na kesho. Yafaa ataje siku aliyoisoma, pamoja na kiungo cha toleo alilolisoma, kinachopatikana katika historia ya ukurasa. Nne, makala ya jarida yenye DOI, yaani namba ya utambulisho inayoanza kwa 10, irejelewe kwa namba hiyo. Jarida likihamia tovuti nyingine, namba haibadiliki. Kiungo chake ndicho husahihishwa.

Kwa hivyo, urejeleaji si pambo la kumridhisha msimamizi. Ni njia ya kumwezesha msomaji kurudi kisimani, ayaonje maji mwenyewe, kisha akubali au akatae hoja yetu.