Uzamili wa Mtaala na Ufundishaji: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujisajili

Walimu wengi wanaofundisha katika shule za Kaunti ya Nakuru walisomeshwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985. Darasani, hata hivyo, wanatekeleza mtaala mwingine kabisa. Mtaala wa umilisi, unaojulikana na wengi kama CBC, ulianza kutumika kote nchini Januari 2019, kuanzia elimu ya awali hadi Gredi ya 3. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Kundi la kwanza la mtaala mpya nalo lilifanya tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA, mwaka wa 2025. Mwalimu ametakiwa kuvuka daraja huku likiendelea kujengwa.

Ndiyo maana walimu kadhaa wanafikiria kurudi chuoni kusomea uzamili wa elimu katika taaluma ya mtaala na ufundishaji. Ni uamuzi mzito. Karo hutoka kwenye mshahara uleule unaolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto, na wikendi za miaka miwili au zaidi hutumika darasani na maktabani. Makala haya yanaeleza taaluma hii inahusu nini, masomo huendaje katika chuo kikuu cha Kikristo, na maswali ambayo mwalimu anapaswa kuuliza kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Mtaala ni zaidi ya kitabu

Wazazi wengi wakisikia neno mtaala hufikiria vitabu vya kiada na ratiba ya vipindi. Vitabu ni sehemu ndogo tu. Mtaala ni mpango mzima wa yale ambayo jamii inataka mtoto ayajue, aweze kuyatenda na ayathamini, pamoja na njia ya kumfikisha huko na namna ya kujua kama amefika. Nchini Kenya, kazi ya kuandaa mitaala ya elimu ya msingi ni ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Ufundishaji ndio kazi ya kuutoa mpango huo kwenye karatasi na kuufikisha kwa mtoto aliyeketi kwenye dawati.

Kati ya hayo mawili huwa kuna pengo. Mtaala mmoja huenda Naivasha kwa watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, huenda Kuresoi kwa watoto wa wakulima wa viazi, na huenda Kaptembwo mjini ambako darasa moja huwa na watoto wa jamii nyingi. Anayesomea taaluma hii hujifunza kulipima pengo hilo na kulipunguza.

Maswali manne ya Tyler

Mwaka wa 1949, Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alichapisha kitabu kidogo kuhusu misingi ya mtaala na ufundishaji. Ndani yake aliuliza maswali manne ambayo bado hufundishwa katika vyuo vikuu vingi. Shule inakusudia kufikia malengo gani? Ni shughuli zipi zitakazomfikisha mwanafunzi kwenye malengo hayo? Shughuli hizo zipangwe vipi? Tutajuaje kwamba malengo yamefikiwa?

Tuchukue mfano wa somo la Kilimo huko Molo. Tuseme lengo la mwalimu ni mwanafunzi aweze kuchagua mahali panapofaa kuhifadhi viazi. Kwa mazoea ya zamani, mwalimu angeandika ubaoni sifa tano za ghala bora, watoto wakanakili, kisha wakaulizwa wazitaje. Mwalimu anayefuata maswali ya Tyler angepanga tofauti. Angewapa watoto viazi vya kuweka katika sehemu mbili, baadhi dirishani penye mwanga na vingine ndani ya kreti iliyofunikwa lakini inayopitisha hewa. Kila baada ya siku mbili wangeandika wanachoona. Vile vya dirishani vingeanza kugeuka kijani, na hapo mwalimu angeeleza kwamba kiazi cha kijani huwa na sumu inayoweza kumdhuru anayekila. Mwishoni, badala ya kuwauliza wataje sifa tano, angemtaka kila mtoto aeleze mahali ambapo angehifadhi viazi nyumbani kwao na sababu yake.

Mfano huo unaonyesha kosa moja linalotokea mara nyingi. Lengo husema mwanafunzi aweze kutenda, lakini tathmini humtaka akumbuke tu. Shughuli na lengo visipolingana, mtoto hupata alama bila kupata umilisi.

Wapo wataalamu waliompinga Tyler. Wanasema mpango wake huufanya mtaala uonekane kama kazi ya kiwandani, na kwamba hauulizi vya kutosha ni nani mwenye mamlaka ya kuchagua malengo. Hoja hiyo ni muhimu kwa Kenya. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964, iliyoandikwa mara tu baada ya Uhuru, ilikabiliana na swali hilohilo: elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, iliyogawanywa kwa misingi ya rangi, ingegeuzwaje iwe ya taifa moja?

Vyuo vya Kikristo na nafasi yake

Eneo la kati la Bonde la Ufa lina vyuo vikuu vya umma na vya kibinafsi. Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo huko Njoro mwaka wa 1939, ni cha umma na kina idara inayoshughulikia mtaala, ufundishaji na usimamizi wa elimu. Kabarak ni chuo cha Kikristo kilicho katika Kaunti Ndogo ya Rongai, takriban kilomita 20 kutoka mjini Nakuru, kwenye barabara ya kuelekea Eldama Ravine. Kilianzishwa na Rais wa zamani Daniel arap Moi na kikapewa hati ya kudumu mwaka wa 2008. Upande wa magharibi, Kaunti ya Nandi, kuna Baraton, chuo cha Waadventista ambacho mwaka wa 1991 kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha kibinafsi kupata hati hiyo nchini. Chuo cha St. Paul's cha Limuru, kilichopewa hati mwaka wa 2007, nacho kimekuwa na bewa mjini Nakuru.

Je, kusomea mtaala katika chuo cha Kikristo kuna tofauti gani? Masomo ya msingi hufanana na ya kwingine, kwa kuwa vyuo vyote hufuata viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Tofauti huonekana katika mambo mawili.

La kwanza ni maisha ya chuo. Kwa kawaida huwa na ibada, kanuni za maadili na mavazi, na katazo la pombe na sigara. Mwalimu wa imani nyingine, au asiye na dini, aulize mapema ni yapi ya lazima na ni yapi ya hiari.

La pili limo ndani ya taaluma yenyewe. Katika chuo cha aina hii, mhadhiri huuliza waziwazi swali ambalo kwingine hupitwa kimyakimya: mtoto ni nani, na anaelimishwa ili awe nani? Swali hilo haliwahusu Wakristo peke yao. CBC yenyewe imetaja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Mwalimu anatakiwa kuyakuza katika kila somo. Lakini uadilifu hufundishwaje katika Hisabati? Hupimwaje bila kumfanya mtoto aigize wema mbele ya mwalimu? Na mwalimu afanyeje katika darasa lenye Wakristo, Waislamu na wengineo, ikizingatiwa kwamba Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa imani? Mwanafunzi wa uzamili anayeyachukua maswali hayo kwa uzito anaweza kuzifaa shule za umma na za makanisa vilevile. Ikumbukwe kuwa shule nyingi za umma hapa Nakuru zilianzishwa na makanisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 bado inawatambua wafadhili hao.

Kutoka malalamiko hadi utafiti

Uzamili wa elimu kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni masomo ya darasani: nadharia za mtaala, mbinu za kufundisha, tathmini, teknolojia katika elimu, mbinu za utafiti na takwimu. Ya pili ni tasnifu, na hapa ndipo wengi hukwama. Darasani kuna ratiba na wenzako. Kwenye tasnifu uko peke yako na msimamizi wako, na hakuna kengele inayolia.

Kinachosaidia zaidi ni kuchagua swali dogo linalotokana na kazi unayoifanya kila siku. Tuseme mwalimu wa Gredi ya 2 mtaani Rhonda analalamika kwamba watoto wake hawaelewi maagizo ya Hisabati. Hayo ni malalamiko, bado hayajawa utafiti. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976, sera imekuwa kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katika kijiji chenye jamii moja, lugha hiyo hujulikana. Rhonda ina jamii nyingi. Basi swali la utafiti linaweza kuwa hivi: walimu wa Gredi ya 2 katika shule mbili za Rhonda hutumia lugha gani wanapotoa maagizo ya Hisabati, na uelewa wa watoto hubadilikaje lugha inapobadilika?

Swali hilo lina mahali, lina watu na lina kipimo. Mtafiti anaweza kuketi darasani na kurekodi lugha inayotumika, kuwahoji walimu na kutoa zoezi fupi kwa watoto. Pia lina mipaka: shule mbili haziwezi kuisemea Kenya nzima, na tasnifu nzuri hulikubali hilo. Kinyume chake, mada kama "changamoto za CBC nchini Kenya" ni bahari. Anayeianza huzama kabla ya kufika sura ya tatu.

Kabla ya kukusanya data, mtafiti huhitaji kibali cha maadili, leseni ya NACOSTI na idhini ya ofisi za elimu na mwalimu mkuu. Watoto wakihusika, idhini ya wazazi ni lazima. Hatua hizi huchukua muda, hivyo ziwekwe kwenye mpango tangu mwanzo.

Cheo, pesa na matarajio

Hapa wengi huvunjika moyo. Kupata shahada ya uzamili hakumpandishi mwalimu wa TSC cheo moja kwa moja. Kupandishwa hutegemea nafasi zilizotangazwa, vigezo vya tume na mahojiano. Shahada inaweza kumsaidia mwalimu kwenye ushindani au kumfungulia milango ya kufundisha vyuoni, kuandaa vitabu au kufanya kazi na mashirika ya elimu. Haimhakikishii lolote kati ya hayo. Anayechukua mkopo kwa kutegemea nyongeza ya mshahara afikirie upya.

Kwa walimu wa chekechea, mwajiri ni tofauti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 linakabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti. Hawa waulize idara ya elimu ya kaunti kuhusu muundo wa kazi yao. Taaluma ya mtaala inawafaa sana, kwa kuwa chekechea ndipo mtoto anapoamua kama shule ni mahali pa furaha au pa hofu.

Kuhusu fedha, HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili, na vyama vya akiba na mikopo huwa na mikopo ya elimu kwa wanachama. Linganisheni riba na muda wa kulipa kabla ya kutia saini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujisajili

1. Je, programu hii imeidhinishwa na CUE? Idhini ya chuo peke yake haitoshi. Kila programu huidhinishwa kivyake, na orodha hupatikana kwa tume.

2. Jumla ya gharama ni ngapi hadi siku ya mahafali? Uliza pia ada ya usimamizi wa tasnifu, ya kuitahini, na ya kila muhula unaoongezeka ukichelewa.

3. Nani atanisimamia? Uliza idara ina wahadhiri wangapi waliobobea katika mtaala, na kila mmoja anasimamia wanafunzi wangapi.

4. Wanafunzi wa miaka iliyopita walimaliza kwa muda gani? Tafuta waliohitimu na hata walioacha, uwasikilize.

5. Je, nimetimiza masharti ya kuingia? Kwa kawaida huhitajika shahada ya kwanza ya elimu yenye daraja zuri, au daraja la chini kidogo pamoja na uzoefu wa kazi.

6. Ratiba inaendana na kazi yangu? Masomo ya jioni, wikendi au likizo yana faida na uchovu wake. Zungumza na mwalimu mkuu na familia mapema.

7. Nina swali gani kutoka darasani kwangu? Ikiwa hakuna jambo lolote katika ufundishaji linalokusumbua kiasi cha kutaka kulichunguza, subiri kwanza.

Mwalimu aliyeyajibu maswali haya saba na bado anataka kusoma, aombe nafasi. Siku ya kuchukua fomu, aibebe nakala ya orodha hii, pamoja na vyeti vyake na kitambulisho, na aombe kupewa kwa maandishi majibu yanayohusu ada na idhini.