Kununua Vyombo vya Marehemu na Kuviuza kwa Mtandao



Katika nchi ya Marekani iko biashara iliyoenea sana, na Waislamu wakaao huko nao wamo ndani yake. Afapo mtu, na watoto wake wakawa wanakaa miji ya mbali, mara nyingi hawana haja ya vyombo vyake wala mahali pa kuvitia. Huita dalali, akavipanga vyombo katika nyumba ile ile, kila kimoja na bei yake, kisha milango ikafunguliwa siku mbili au tatu, watu wakapita chumba kwa chumba wakinunua makabati, saa, sahani, vitabu na zana za kazi. Siku ya mwisho bei hushushwa mara nyingi hata nusu, kwani dalali ametakiwa aiache nyumba tupu, na ujira wake ni sehemu ya mapato.

Wachuuzi hujihimu asubuhi mapema wakasimama mlangoni. Wakiingia hutafuta kile ambacho dalali hakukitambua. Hupindua sahani wakaangalia alama ya kiwanda chini yake. Huangalia mgongoni mwa kijiko ikiwa imepigwa namba 925, yaani katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 925 ni fedha. Huangalia ndani ya pete ikiwa pana 585, ambayo ni dhahabu ya karati 14. Kisha hutazama katika simu zao kitu mfano wake kimeuzwa kwa kiasi gani, si bei aitakayo muuzaji bali ile aliyoitoa mnunuzi, kwani kutaka hakuna mpaka. Wakiona pana faida hununua, wakakipiga picha, wakakiuza kwa mtandao. Na huku pwani pia vyombo vya nyumba vilivyokwisha tumika sasa huuzwa kwa simu, na ndani yake hupatikana vya marehemu.

Asili ya kazi hii ni halali. Kununua kwa rahisi na kuuza kwa ghali ndiyo biashara yenyewe, na mnada umethubutu katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli la Muansari aliyekuwa fukara, akamuuzia aliyezidisha kwa dirhamu mbili. Iliyo haramu katika mnada ni najshi, nayo ni mtu kuongeza bei hali hana nia ya kununua, ila kumtega mwengine.

Lakini faida kubwa ya biashara hii hutoka katika kutojua kwa muuzaji, na hapo ndipo penye mas'ala. Mwaka 2020 mtu mmoja katika jimbo la Connecticut alinunua kibakuli cha kaure kwa dola 35, katika vyombo vilivyouzwa uani mwa nyumba. Kilipochunguzwa kikaonekana kuwa ni kazi ya China ya mwanzo wa karne ya 15, na Machi 2021 kikauzwa katika mnada wa Sotheby's mjini New York kwa dola 721,800. Je, yule aliyekiuza kwa dola 35 ana haki ya kudai?

Katika madhehebu ya Imamu Shafii hana, maadamu ni baleghe mwenye akili, ameuza mali yake kwa hiari yake, wala hakudanganywa. Kupunjika peke yake hakuthubutishi khiyari. Mwenye Fathul Muin ametaja mfano wa mtu aliyenunua kigae cha kioo akidhani ni johari: hana khiyari, kwa kuwa amefanya taksiri, amefuata dhana yake asiulize. Na muuzaji aliyeidhania johari kuwa ni kioo hukumu yake ni hiyo.

Ama mnunuzi akisema uwongo, akakishika chombo akijua thamani yake kisha akasema, "Hiki ni cha kutupwa, nakichukua kukuondoshea taabu tu," huyo amefanya ghushi, na ghushi ni haramu kwa kauli moja, awe muuzaji ni Mwislamu au asiwe. Wako wanaochanganya kunyamaza na kusema uwongo, wakadhani ni mamoja, si mamoja. Wala kunyamaza nako siko daraja la wema. Jariri bin Abdillahi (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, alipomwona akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa anaongeza mia baada ya mia hata akamlipa 800. Alipoulizwa, akasema kuwa alimbai Mtume (s.a.w.) juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Naye aliyekuwa akiongeza alikuwa ndiye mnunuzi! Kadhalika Mtume (s.a.w.) amekataza kuwaendea wenye misafara njiani na kununua mali zao kabla hawajafika sokoni kujua bei, na kwa Mashafii mwenye msafara akionekana amepunjwa ana khiyari. Mjane aliyejifungia eda yake si mwenye msafara, lakini yeye naye hajafika sokoni, na amwendeaye siku ya tatu ya matanga na fedha mkononi anajua vyema kwa nini hakungoja siku ya arobaini.

Hayo ni kwa mwenye kuuza mali yake. Shida iko katika mali ya mirathi, kwani mara nyingi auzaye siye mwenyewe.

Kwanza ni deni. Katika Suratun Nisaa mgawanyo wa mirathi umewekwa baada ya wasia na deni. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa deni la maiti hufungamana na alichokiacha kama linavyofungamana na rahani. Basi warithi wakiuza vyombo hali wajua kuwa marehemu anadaiwa, bila ya idhini ya wadai, kuuza kwao hakusihi.

Pili ni mayatima, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Afapo mtu huku pwani, aghalabu anayeshika mambo ni ami au kaka mkubwa. Yeye ndiye aitaye mnunuzi, na yeye ndiye apokeaye fedha. Lakini walii wa mali ya yatima ni babu mzaa baba, kisha wasii aliyewekwa, kisha Kadhi. Ami, kaka, na hata mama katika kauli iliyo sahihi zaidi, hawana uwalii juu ya mali hiyo ila kwa wasia au kwa amri ya Kadhi. Na hata huyo aliye walii wa haki hana ruhusa ya kuuza ila kwa maslaha ya mtoto na kwa bei ya mfano wake. Akiuza kwa upungufu ulio wazi, biashara ni batili. Basi ile "rahisi" ambayo mchuuzi amejihimu alfajiri kwa ajili yake, ikiwa ndani ya nyumba mna mtoto mwenye fungu, si rahisi, ni mali ya yatima iliyo mkononi mwake. Yampasa airudishe, na ikiwa ameshaipoteza atoe thamani yake. Kauli ya kuwa "Niliuziwa na ami yake" haitamfaa. Kwa hivyo swali la kwanza la mnunuzi mlangoni liwe si "Kiasi gani?" bali "Warithi ni nani, na yupo mdogo?"

Kisha kuna vinavyopatikana ndani ya vyombo: noti katikati ya kurasa za kitabu, kidani katika mtoto wa kabati. Hivyo havikuingia katika biashara. Aliyenunua kabati amenunua mbao na bawaba zake. Kilichomo ni cha warithi, na dalali apewe habari.

Katika kuuza kwa mtandao, jambo la kwanza ni kukabidhi. Wako wapigao picha vitu vikiwa bado katika nyumba ya marehemu, wakavitangaza, na mtu akikubali ndipo wakarudi kuvinunua. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na hili ni hilo hasa.

La pili ni kuona. Katika kauli iliyo na nguvu kwa Mashafii, kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakusihi, hata kikisifiwa. Na picha huonyesha upande mmoja. Kauli ya pili ya Imamu Shafii, nayo ni madhehebu ya Abu Hanifa, ni kuwa yasihi, na mnunuzi ana khiyari akionapo. Mwenye kuifuata kauli hiyo hana budi kupokea kitu kikirudishwa, wala asiandike kuwa hakirudi.

La tatu ni ila. eBay, lililo katika masoko makubwa ya namna hii, lilianza mwaka 1995, na kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kijitaa cha kuonyeshea kwa mwanga wa leza kilichovunjika, kwa dola 14.83, mnunuzi akijua kuwa kimevunjika. Huko ni kubainisha, na kitu kilichovunjika kina haki ya kuuzwa. Lakini maneno ya "nauza kama kilivyo" hayamwokoi muuzaji kama wengi wanavyodhani: katika kauli iliyo dhahiri zaidi, sharti la kujitoa katika ila hufaa kwa ila ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua, basi. Saa iliyosimama, au sahani iliyoungwa kwa gundi, ikiwa hakuitaja ila yake, mnunuzi aweza kuirudisha, naye amrudishie bei aliyoitoa.