Makaburi Chini ya Mji wa New York

New York ni mji wa Marekani, tena ni mmoja wa miji mikubwa sana ya dunia. Sehemu yake ya kale i katika kisiwa kiitwacho Manhattan. Huko majumba yamesongamana, orofa juu ya orofa, hata mtu asimamaye njiani huiona mbingu kama utepe mwembamba tu. Ardhi ya mahali hapo ni ghali mno, wala hapana mwenye kiwanja apendaye kukiacha wazi siku nyingi.

Basi katika mwaka 1991 serikali ya Marekani ilikuwa tayari kujenga jumba la maofisi lenye orofa 34, karibu na njia kuu iitwayo Broadway. Sheria ya nchi hiyo yataka kwamba serikali inapojenga, ardhi ichunguzwe kwanza, isije ikawa mna mambo ya kale ndani yake. Na hapo palikuwa na sababu ya kuuliza, kwa maana ramani ya mji iliyochorwa mwaka 1755 ilionyesha kwa maandishi kuwa mahali pale ni makaburi ya watu weusi. Lakini wenye kujenga hawakuingiwa na hofu nyingi. Walidhani ya kuwa nyumba zilizojengwa pale baadaye, pamoja na vyumba vyake vya chini, zimekwisha kuharibu kila kitu.

Sivyo ilivyokuwa. Zamani ardhi ya mahali pale ilikuwa na bonde, na watu walipotaka kuisawazisha ili wajenge, walilijaza udongo na kifusi. Kwa hiyo makaburi yalifunikwa mbali sana chini, mengine futi 16, mengine hata 25, na misingi ya nyumba haikuyafikia. Wachimbaji walipofika kina hicho wakakuta mifupa ya watu.

Watu hao walikuwa ni nani? Waholanzi ndio walioanza mji huo, nao waliwaleta watumwa wa kwanza kutoka Afrika yapata mwaka 1626. Mwaka 1664 Waingereza wakautwaa, na utumwa ukazidi. Katikati ya karne ya 18 karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa mji ule alikuwa Mwafrika. Wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, na wengine walichukuliwa kwa merikebu kutoka Bukini, kisiwa kilicho katika bahari yetu hii hii. Walijenga ngome, walipasua mbao, walipakua shehena bandarini, walipika na kulea watoto wa mabwana. Walakini mwaka 1697 kanisa kubwa la mji lilikataza wasizikwe katika uwanja wake. Basi wakazika wafu wao nje ya mji, katika ardhi ambayo hapana aliyeitaka. Hata huko waliwekewa amri: wasizike usiku, na tangu mwaka 1731 waombolezaji wasizidi 12. Fikirini maana ya amri hiyo kwa watu ambao kwao kijiji kizima hutoka kwenda kuzika! Mahali hapo palitumika mpaka karibu mwaka 1795, kisha mji ukapanuka, ukapita juu yake, na watu wakasahau.

Sasa, mtu aliyekufa zamani hivyo hawezi kusema, lakini mifupa husomwa kama kitabu, kama msomaji ana subira. Kazi hiyo haifanywi kwa jembe. Hufanywa kwa mwiko mdogo na brashi, na kila kitu hupimwa na kuchorwa kabla ya kuinuliwa. Wengi wa wafu wale walilazwa chali, kichwa upande wa magharibi, wamevikwa sanda iliyofungwa kwa pini ndogo za shaba, ndani ya majeneza ya mbao. Mbao zilikuwa zimeoza, zikabaki misumari na alama nyeusi katika udongo. Watu zaidi ya 20 walikuwa na meno yaliyochongwa, kama desturi ya makabila mengi ya Afrika ilivyokuwa. Na kwa kuwa watumwa waliozaliwa Marekani hawakuchongwa mara nyingi, alama hiyo yaonyesha kwamba hao walizaliwa bara letu. Mwanamke mmoja alizikwa na utunda kiunoni, shanga za kioo zaidi ya 100 pamoja na kauri. Mwingine, kijana, alikutwa na risasi katika mbavu zake. Wengine mifupa yao ilikuwa imevunjika au kuumizwa pale misuli inaposhika, dalili ya kubeba mizigo kupita nguvu. Na karibu nusu yao walikuwa watoto.

Juu ya jeneza moja misumari ilipigwa kwa umbo kama moyo. Wataalamu wa kwanza walisema ni alama ya Waakani wa Ghana. Baadaye wengine wakasema huenda ni moyo tu, kama Waingereza walivyopenda kuupamba. Jambo hilo halijaamuliwa, nami naona ni vema wasiliamue kwa haraka.

Wakati huo huo ujenzi uliendelea. Kila siku ya kukawia iligharimu fedha, na wasimamizi waliwahimiza wachimbaji. Siku moja zege likamwagwa juu ya makaburi kadhaa. Habari ilipoenea, watu weusi wa New York walikasirika sana. Waliuliza kwa nini mifupa ya babu zao inatolewa mbio mbio kama mawe ya msingi, tena bila wao kuulizwa neno. Wakakusanyika penye uzio, wakaomba, wakakesha. Meya wa mji, David Dinkins, akapinga. Na mwezi wa Julai 1992 Gus Savage, mjumbe wa baraza kuu la nchi, akawabana wasimamizi kwa maswali hata uchimbaji ukasimama. Kufika hapo watu 419 walikuwa wamekwisha kuondolewa.

Jumba lile kubwa lilijengwa hata hivyo, lakini jengo dogo lililokusudiwa kusimama ubavuni mwake liliachwa. Mifupa ikapelekwa Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, ikachunguzwa na wataalamu chini ya Michael Blakey, naye ni mtu mweusi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2003 wote 419 walirudishwa, wakazikwa karibu na pale walipotolewa, katika majeneza yaliyochongwa kwa mkono nchini Ghana. Juu yao pana vilima 7 vya majani, na mwaka 2007 ukafunguliwa ukumbusho wa mawe. Hakuna hata mmoja wao ajulikanaye jina.

Uwanja ule wa kale ulikuwa na ukubwa wa eka 6 na zaidi, na yakisiwa kwamba watu wapata 15,000 walizikwa humo. Waliobaki wako pale pale hata leo, chini ya njia, maduka na maofisi.