Nikitoza, wateja wanakimbia

*Nauza kitabu cha mapishi ya keki, cha PDF, kwa WhatsApp. Kilipokuwa cha bure watu walikigombania. Nimeweka shilingi 1,000 tu, kimya. Nishushe hadi 200?*
*Mpika keki, Morogoro*

Usishushe, dada. Kinachowakimbiza si hiyo 1,000, ni kuondoka kwenye bure. Mtafiti Dan Ariely na wenzake huko Marekani waliuza chokoleti mbili: tamu zaidi senti 15, ya kawaida senti 1. Wengi walinunua tamu zaidi. Walipopunguza kila moja kwa senti 1, ya kawaida ikawa bure, na wengi wakaihamia hiyo, ingawa tofauti ya bei ilikuwa ileile.

Kulipa shilingi 200 kwa simu nako kunadai menyu, namba ya siri na makato, usumbufu uleule. Tena bei ya kutupa humtia mtu shaka (mimi mwenyewe ningeshuku!). Toa mapishi mawili bure, yawe yale yanayoumuka vizuri kweli, kisha uza kitabu kizima kwa 3,000 pamoja na nafasi ya kukuuliza keki isipoumuka. Waliokwisha kukipata bure, waache.

Miezi miwili ikipita bila mauzo, huenda tatizo si bei. Pita ofisi ya SIDO ya mkoa wako, wanashauri wajasiriamali.