TAKRIMA NA GHARAMA ZA UCHAGUZI

Neno takrima asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya kumheshimu mtu. Mwaka 2000 maana hiyo ilitiwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania, na mgombea aliyewakirimu watu kwa nia njema, kwa mujibu wa desturi, hakuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Mwezi wa Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitengua vifungu hivyo, kwa kuwa vilimpendelea mwenye mali juu ya mgombea maskini.

Ndipo ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, ambayo msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Fedha za kampeni zikawekewa kikomo, chanzo chake sharti kitajwe, na misaada ya kutoka nje ya nchi ikakatazwa.

Kazi ya afisa, hata hivyo, si nyepesi. Tuseme huko Mbuji, wilayani Mbinga, mgombea anapita katika mashamba ya kahawa na mwenyeji akamwandalia chakula. Hapo hapana kosa. Lakini mgeni akigeuka kuwa ndiye mpishi, au akashuka Liuli, wilayani Nyasa, akawagawia wavuvi nyavu katika siku za kampeni, afisa hana budi kuuliza: nyavu hizo kanunua nani, kwa fedha ipi, na kwa nini wiki hii? Jawabu hutafutwa kwanza katika stakabadhi. Mashahidi waliokwisha kupokea aghalabu hunyamaza. Mwananchi aliyeshuhudia ugawaji huo aweza kuifikisha habari kwa TAKUKURU.