Adapta ya Mfereji: Jinsi ya Kuibadilisha bila Kupoteza Maji

Mashine ya kuosha vyombo yenye magurudumu haina bomba lake ukutani. Husukumwa hadi kwenye sinki na kupata maji kutoka mfereji wa jikoni, kupitia kipande kidogo cha shaba au plastiki kiitwacho adapta. Kipande hicho kikianza kuvuja, wengi huweka beseni chini, hukizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na kuendelea na kazi. Maji nayo huendelea kwenda.

Hesabu yake ni rahisi. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ikiwa matone 20 hufanya mililita moja, hiyo ni zaidi ya lita nne kwa siku na takriban lita 130 kwa mwezi. Kwa lugha ya Mtwapa, hiyo ni zaidi ya mitungi sita ya lita 20. Anayenunua maji ya mkokoteni anajua uzito wa hasara hiyo. Aliye na mita ya Kampuni ya Maji ya Kilifi-Mariakani hukutana nayo kwenye bili.

Kwa nini adapta huharibika

Maji ya visima vya Mtwapa hupita katika mwamba wa matumbawe, hivyo hubeba chokaa, na mara nyingi chumvi pia. Chokaa huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo huziba kichujio, hukwaruza washa ya mpira na kugandisha vipande vilivyokazwa pamoja. Upepo wa bahari huongeza kutu juu ya vyuma. Washa nayo hukauka na kupasuka kadiri inavyozeeka.

Kwa hivyo, kabla ya kununua adapta mpya, ikague ile ya zamani. Ikiwa imeziba tu, iloweke kwenye siki kwa saa moja, isugue kwa mswaki uliochakaa na uisuuze. Ikiwa washa ndiyo imechoka, badilisha washa peke yake. Adapta nzima hubadilishwa ikiwa imepasuka, au ikiwa hesi zake, yaani ile mitaro ya kukazia, zimelika.

Vipimo ndivyo huwapotosha wengi

Mifereji mingi nchini Kenya hufuata vipimo vya Kiingereza vya nusu inchi na robo tatu inchi. Majina haya hayalingani na rula: hesi za nje za nusu inchi zina upana wa karibu milimita 21, na za robo tatu karibu milimita 26. Mifereji ya kisasa ya sinki yenye kichujio mdomoni mara nyingi hufuata vipimo vya Ulaya: milimita 24 kwa adapta yenye hesi za nje na milimita 22 kwa adapta yenye hesi za ndani.

Mashine iliyoletwa kutoka Marekani huja na vipimo vyake. Hesi yake ya mdomo wa mfereji ina upana wa karibu milimita 23.8. Kwa macho inafanana kabisa na ile ya milimita 24, lakini mitaro yake imekaribiana zaidi. Huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hukwama. Anayelazimisha kwa spana huharibu mfereji pamoja na adapta. Mashine kama hiyo pia hutumia umeme wa volti 120, ilhali wa Kenya ni volti 240. Isichomekwe moja kwa moja ukutani.

Njia ya uhakika ni kwenda duka la hadiwea ukiwa na adapta ya zamani, washa yake na kichujio cha mfereji. Kijaribishe kipande kipya papo hapo. Kinachofaa huzunguka kwa vidole bila kulazimishwa.

Hatua za kubadilisha

1. Chomoa plagi ya mashine. Usishike plagi kwa mikono yenye maji.
2. Funga koki iliyo chini ya sinki au ile kuu ya nyumba, kisha fungua mfereji ili maji yaliyobaki yatoke.
3. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili washa isidondoke humo.
4. Zungushia adapta kitambaa, ishike kwa spana na uifungue. Ikigoma, ifunge kwa kitambaa chenye siki kwa nusu saa, kisha ujaribu tena.
5. Safisha mdomo wa mfereji na utoe washa ya zamani. Washa mbili zikipandana, maji yatavuja.
6. Weka washa mpya ikae sawasawa, kisha kaza adapta kwa mkono. Malizia kwa robo mzunguko wa spana.
7. Fungua koki polepole, chomeka paipu ya mashine na uangalie kwa dakika tano. Kitambaa cha karatasi kikavu huonyesha hata unyevu mdogo.

Penye washa, kinachozuia maji ni washa wala si tepu ya mafundi. Tepu hutumika pale ambapo hesi zenyewe ndizo huzuia maji, na huzungushwa kufuata mishale ya saa.

Maji machafu yasirudi bombani

Kuna jambo zito kuliko bili. Maji ya Baricho yanapokatika kwa mgao, au bomba linapopasuka, presha hushuka na bomba linaweza kuvuta maji kurudi nyuma. Paipu iliyoachwa ndani ya sinki au ndoo ya maji machafu huweza kunyonya uchafu huo hadi kwenye mabomba ya nyumba, na hata ya majirani. Kwa mji ulio na nyumba zilizobanana, hiyo ni njia ya wazi ya kusambaza kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara.

Kinga yake si ngumu. Mdomo wa paipu ukae juu ya usawa wa maji, usizame. Mashine ikimaliza kazi, funga mfereji, toa presha na uchomoe paipu. Pale mashine inapotumia maji ya bomba la mtaa moja kwa moja, fundi wa mfereji afunge valvu ya kuzuia maji kurudi.

Wanaotumia mashine za kufulia nguo zinazochomekwa kwenye mfereji wanashauriwa kufuata utaratibu huohuo. Wapangaji nao wamjulishe mwenye nyumba kabla ya kugusa koki kuu, kwani katika baadhi ya majengo koki moja hulisha ghorofa nzima.