Uchungu wa Sikoseli: Yale Tunayoweza Kumfanyia Mtoto Nyumbani

Somo hili tumelitayarisha hasa kwa vikundi vya Nyanza, Magharibi na Pwani, mahali ambapo watoto wenye ugonjwa wa seli mundu, yaani sikoseli, ni wengi kuliko sehemu nyingine za nchi yetu. Lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha mjadiliane.

Wengi mnajua kwamba ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. (Tunarudia "wote wawili" kwa sababu bado wako akina mama wanaofukuzwa nyumbani ati wameleta damu mbaya.) Seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na pale damu isipopita ndipo uchungu huanza. Baridi, kiu, uchovu na malaria huchochea hali hiyo.

Wazazi hutuuliza: mbali na dawa, tufanye nini mtoto anapolia usiku? Yapo ya kufanya. Lakini tuelewane mapema, haya husaidia dawa, hayachukui nafasi yake. Kwanza mpeni dawa ya uchungu aliyoandikiwa kliniki, kwa kipimo na kwa saa zake. Aspirini msimpe.

Kisha joto. Joto hupanua mishipa na kulegeza misuli. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, ukijaribu kwa kiwiko chako. Kikikuunguza wewe, mtoto ataungua zaidi. Kiweke mahali panapouma, funika kwa leso kavu, na ukibadilishe kinapopoa. Barafu au maji baridi hapana kabisa, hata kama jirani alipona hivyo alipoteguka mguu. Baridi hubana mishipa.

Anyweshwe kidogo kidogo mara nyingi: maji safi, uji, maziwa. Mtoto wa kilo 10 huhitaji karibu lita 1 kwa siku ya kawaida. Mikono na miguu inaweza kupapaswa polepole kwa mafuta kama mwenyewe anapenda, lakini akisema inauma, acheni. Tumbo lisisuguliwe, kwa maana bandama yaweza kuwa imevimba.

Jambo ambalo wengi hulidharau ni hadithi. Bibi anapoita "Hadithi, hadithi!" na mtoto akajibu "Hadithi njoo!", akili yake hupata kazi nyingine na uchungu hupungua makali. Nyimbo na vitendawili hufanya vivyo hivyo. Mfundisheni pia kuvuta pumzi taratibu kwa pua, kisha kupuliza kwa mdomo kama anayepoza uji. Afundishwe siku akiwa mzima, maana katikati ya kilio hatashika.

Hapa tuna onyo. Mtoto akicheka kwa hadithi, watu wazima husema, "Kumbe alikuwa akijifanya!" na dawa ya saa inayofuata haitolewi. Si haki. Mtoto anaweza kucheka na mguu bado unamuuma. Mwulizeni yeye mwenyewe, na dawa iendelee kama ilivyoandikwa.

Tunaheshimu ujuzi wa wazee wetu, lakini chale hapana: huingiza vijidudu, na mtoto huyu hana nguvu ya kutosha ya kupigana navyo. Mitishamba isiyojulikana kipimo yaweza kuumiza ini na figo.

Mtoto akiwa na homa, akipumua kwa shida, kifua kikiuma, akipauka ghafla, tumbo likivimba, au upande mmoja wa mwili ukilegea, msingoje joto wala hadithi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vilevile kama uchungu haupungui baada ya dawa.

Mkiwa kliniki ulizeni habari za haidroksiyurea. Utafiti uliotangazwa kati ya 2018 na 2019, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vinne Afrika, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipatwa na uchungu mara chache zaidi, na vifo vilipungua. Hutumiwa chini ya uangalizi wa daktari na vipimo vya damu.

Maswali ya kikundi: Ni nyumba zipi kwetu zina mtoto wa sikoseli? Usiku wa manane, nani ana pikipiki, na nauli itatoka wapi? Je, tunaweza kutenga sehemu ya mchango wetu kwa jambo hili?